Mlango wa Ndani Aliofungua Injinia Idrisa

Siku ninayoikumbuka kuliko hata ya harusi yangu, mwanangu, ni asubuhi ile Rajabu aliposema "kumi na mbili", nami nikamjibu "kumi na mbili", kisha akashika koki.

Hatukuwa na haraka. Jua lilishapanda, wachuuzi wa samaki walishapanga ndoo na matenga yao nje ya kiwanda wakingoja barafu, na tuliwasikia wakibishana nani alitangulia. Rajabu alipiga goti mbele ya bomba la kumwagia oili. Mimi nilisimama kwenye mlango wa chumba cha mitambo, macho kwenye skrini ya ukutani. Skrini ilikuwa ya kijani. Presha ilisomeka kumi na mbili. Rajabu akafungua koki kidogo, polepole, kama tulivyofunzwa.

Mpira wa kupitishia oili ukachomoka kwenye bomba ukaanza kujipigapiga sakafuni. Amonia, ile gesi inayogandisha barafu, ikatoka nyeupe, na kelele zake. Kufumba na kufumbua simwoni tena Rajabu, namsikia tu.

"Da Mwaju, usiingie! Usiingie wewe!"

Niliingia. Nilichovya kanga kwenye ndoo ya maji, nikajifunga usoni, nikatambaa mpaka nikaupata mguu wake, nikamvuta. Pumzi niliyovuta mle ndani ndiyo iliyoninyang'anya sauti. Leo nikiita bajaji, dereva hanisikii mpaka nipige makofi. Kwa hiyo usishangae kuona naandika, mimi ambaye barua niliandikiwa na watu maisha yangu yote. Sauti ya kukusimulia sina.

Rajabu, amonia ilimchukua macho, yote mawili.

Nilipokuwa namburuta kumtoa, niligeuka nikaitazama skrini. Bado kijani. Bado kumi na mbili.

Hapo nataka usimame kidogo. Bomba limeumiza watu, chumba kimejaa amonia, na ile mashine iliyowekwa ituambie kuna hatari inasema hali ni shwari. Nani aliifanya iseme hivyo? Nitakutajia majina, sitaficha. Lakini nianzie mwanzo, usije ukadhani ni hasira tu za mtu aliyeumia.

Mimi ni Mwajuma, mtu wa Kaole. Shule niliishia darasa la tano. Nilipokuwa binti nilipata kazi ya kufagia kwenye kiwanda cha barafu kilichoko njia ya kwenda Mbegani, na kwa kuwa nilikuwa siogopi kelele za mitambo, fundi wa pale, Mzee Kibwana, Mungu amrehemu, akanichukua awe ananifundisha. Rajabu alikuja baadaye, kijana mcheshi, akawa ananiita dada. Hatuna undugu wa damu. Weka hilo akilini, litakuja kuulizwa.

Mitambo ya barafu, mwanangu, inakula oili, na oili hiyo inajichanganya na amonia na kutuama chini ya mabomba. Lazima imwagwe kila baada ya muda. Ndiyo kazi ya hatari kuliko zote mle ndani, maana oili ikiisha, kinachofuata kutoka ni amonia yenyewe. Na presha ikiwa juu, huna muda wa kufunga. Kwa hiyo Mzee Kibwana alikuwa na utaratibu wake. Mwenye kushika koki anasoma presha, anaitaja kwa sauti. Mwenzake anaisoma mwenyewe, anaitaja na yeye. Ndipo mkono uguse koki. Tuliuita kujibizana.

Wiki zangu za kwanza aliwahi kunisomea namba nikamjibu, "Ndiyo, mzee."

Akauondoa mkono kwenye koki, akasimama, akajifuta oili taratibu kwenye kitambaa.

"Mwajuma, nimekuuliza kama unakubali?"

"Hapana, mzee."

"Basi ndiyo ya nini? Mimi nataka macho yako. Heshima yako kaniamkie nayo asubuhi."

Tangu siku hiyo sijawahi kumjibu mtu ndiyo mbele ya koki. Alipofariki, mimi na Rajabu tuliendelea vilevile. Wengine walitucheka, wakasema tunaimba. Mwache mtu acheke. Utaratibu ule ulituweka salama miaka yote, na ulikuwa salama kwa sababu kile tulichokisoma kilikuwa kinasema kweli.

Zamani kilikuwa kioo cha mviringo chenye sindano, na juu ya mlango palikuwa na kengele. Presha ikipanda kupita kiasi, kengele inalia hadi mbwa wa jirani wanajibu. Kisha mwenye kiwanda, Jabiri Mwinchande, akaamua tuende na wakati. Sikumlaumu. Alimleta binti mmoja mtaalamu wa kompyuta, Neema, mtoto wa walimu wa huku huku Bagamoyo, aliyesomea Dar. Neema akatutengenezea kisanduku. Ndani yake kuna kompyuta ndogo, nyaya zake zinakwenda kwenye sensa, yaani vipimaji vya presha na vya joto, na namba zinaonekana kwenye skrini. Presha ikizidi, kisanduku kinazima mtambo chenyewe na kupiga honi. Rajabu alikipa jina, Bwana Harusi, kwa sababu kimewekwa juu, kinawaka mataa, na wote tunakizunguka.

Kilifanya kazi vizuri. Sitaki usome hapa ukadhani nawachukia watu wa kompyuta. Kisanduku kile kiliwahi kuzima mtambo kabla hata mimi sijahisi harufu. Na Neema hakuwa na maringo. Aling'ang'ania kengele ya zamani ibaki palepale, akamwambia Jabiri, "Kisanduku changu nakiamini, ila hata mimi naweza kukosea."

Neema alikuwa akija kwangu Kaole kula wali siku za mapumziko, na alikuwa na hamu ya kuelewa kila kitu cha kazi yangu, nami siku moja nikamuuliza kuhusu yake. Nikamwambia, Neema, hebu niambie ndani ya Bwana Harusi kuna nini. Tulikuwa barazani. Akatazama huku na huku, akaangua kicheko.

"Mama, mbona hata sihitaji kuchora? Kuna nyumba yako hii."

Akanieleza hivi, na nimeirudia kichwani mara nyingi mno kiasi kwamba naweza kukuandikia bila kupunguza. Chini kabisa ya kompyuta kuna programu inayoitwa kiini. Hicho ndicho mwenye nyumba. Programu nyingine zote zinaishi kwa idhini yake, na mali kubwa anayowagawia ni memori, yaani nafasi ya kuweka vitu wakati wa kazi. Memori imekatwa vipande vipande. Kiini ndicho kinachojua kipande hiki ni cha nani, kile hakina mtu, na kingine kimerudishwa sasa hivi na kinaweza kupewa mwingine.

Sasa kuna vipande vya programu vinavyoitwa moduli. Moduli haizaliwi na kiini. Inakuja baadaye, mashine ikiwa tayari inakwenda, inapachikwa mle mle ndani ya kiini, na ikipachikwa ina nguvu sawasawa na mwenye nyumba. Ukinunua kifaa kipya, kinakuja na moduli yake.

"Ni mgeni," nikasema.

"Ni mgeni, tena wa kulala ndani. Sasa mama, mgeni akiwa na kiu kwako unafanyaje?"

"Namletea maji."

"Humwambii aingie chumbani kwako akachote mwenyewe kwenye mtungi?"

"Alaa! Kwa nini aingie chumbani?"

"Labda ni mtu mwema tu. Haibi."

"Hata asipoiba. Hajui nini kiko wapi. Atasogeza kopo la mafuta ya taa aliweke karibu na unga, atoke akinishukuru."

Neema akapiga paja. Akasema ndivyo ilivyo. Kiini kina kazi zake za kusimamia memori. Baadhi kimezitoa nje, zinaitika moduli ikibisha hodi: nipe kipande, chukua kipande chako nimemaliza. Hizo ni baraza. Zipo nyingine ambazo hazikutolewa nje kwa makusudi, kwa sababu ndizo zinazopanga ghala lenyewe: kubadilisha kipande ni cha nani, kukirudisha ghalani bila kuuliza kama kuna mtu bado anakitumia. Hizo kiini kinajitumia chenyewe, na kinapozitumia kinajua kwanza kizuie nini na kingoje nini. Moduli ikiziita kutoka nje, haziitiki. Moduli yenyewe inagoma kupachikwa.

"Na mtu akitaka ziitike?" nikauliza.

"Anaongeza mstari mmoja tu kwenye kiini. Anatangaza kwamba kazi fulani sasa ni ya wote. Wala si dhambi, mama. Nyingine zimewahi kutolewa hivyo. Lakini wanaokitunza kiini huuliza kwanza: nani anaitaka, ataitumiaje, na kukitokea jambo nani ataitika. Bila majibu hayo, mlango unabaki umefungwa."

Nimekuchosha na maelezo, lakini bila hayo hutanielewa ninaposema Idrisa alifanya nini.

Jabiri Mwinchande alitaka kamera. Alikuwa na shaka kwamba barafu inatoka mlango wa nyuma, akataka akiwa Dar afungue simu ahesabu matofali ya barafu mwenyewe. Akaleta mtu mwingine, Injinia Idrisa Kondo. Idrisa alikuwa mchangamfu, shati limenyooka, anaamkia kila mtu, shikamoo yake unaisikia kabla hujamwona. Kamera aliyoileta ilikuwa na moduli yake kutoka kwa muuzaji, nayo imefungwa, hata Neema hawezi kusoma kilichomo. Idrisa alitaka ipachikwe kwenye Bwana Harusi, ili asinunue kompyuta nyingine.

Moduli ikagoma. Ilikuwa inaita kazi mojawapo ya zile za ndani, ile ya kurudisha vipande ghalani bila kuuliza.

Walibishana ofisini, mlango wazi, mimi na Rajabu tukiwa nje tunapaka grisi mikokoteni.

"Muuzaji airekebishe," Neema akasema. "Ibishe hodi kama wengine. Au kamera ikae kwenye kompyuta yake peke yake, ikiharibika iharibike na picha zake."

"Muuzaji yuko mbali, dada yangu. Atachukua miezi," Idrisa akasema. "Na hicho ni kitu kidogo. Mstari mmoja."

"Najua ni mstari mmoja."

"Sasa?"

"Sasa kisanduku hiki ndicho kinachosoma presha ya amonia. Humo humo. Memori ile ile. Huwezi kuona moduli yako inafanya nini, na mimi siwezi. Ukiipa ghala, wanaofanya kazi mle ndani ndio watakaolipia."

Jabiri akaingilia. Nilimsikia kwa masikio yangu, naye asikatae. Alisema, "Neema, mimi nimenunua kamera. Sijanunua mjadala."

"Basi bwana, mstari huo andikeni nyinyi. Mkono wangu haumo."

"Haumo na kazi haimo."

Neema akatoka amebeba begi lake. Akatukuta pale na grisi yetu, akanishika bega, akasema, "Mama, kengele ile msiwaruhusu waitoe." Akaenda zake.

Rajabu akamwangalia akipotea barabarani. "Da Mwaju, hivi mstari mmoja unaweza kumfukuzisha mtu kazi?"

"Umeona mwenyewe."

"Mimi nilidhani mpaka uibe."

Idrisa akauandika mstari wake. Kamera ikawaka. Jabiri akatupigia simu kutoka Dar akicheka kama mtoto, anatuambia nguo tulizovaa. Akamwambia Rajabu, "Wewe mbona shati umelivaa kinyume?" Na kweli alilivaa kinyume. Tulicheka sote. Nami nilicheka.

Halafu Bwana Harusi akaanza kuganda. Namba inasimama, unaiona haichezi, kisha kisanduku kinajizima na kujiwasha chenyewe. Neema alishakiwekea programu ya ulinzi ndani, yeye akiiita mlinzi: kikiganda, mlinzi anakizima na kukianzisha upya. Kwetu sisi haikuwa shida, dakika chache namba zinarudi, na zinakuwa za kweli. Lakini kila kikijizima, kamera nayo inakatika, na Jabiri huko Dar anapiga simu anafoka kwamba tunaziba kamera tuibe barafu.

Nilimwambia Idrisa. Nilimwambia mbele ya Rajabu, pale kwenye meza ya chai.

"Injinia, kisanduku kinaganda tangu kamera ije. Zamani hakikuganda."

"Ni mtandao, mama."

"Presha inapita kwenye mtandao?"

Akatabasamu. "Mama yangu, wewe angalia barafu yako iive. Hii tuachie sisi."

Barafu haiivi. Siku iliyofuata akaja akamzima yule mlinzi, ili kamera isikatike. Yaani kisanduku kikiganda, sasa kibaki kimeganda, mradi picha zinakwenda. Na kengele ya zamani, waya wake akauchomoa, akasema inaingiliana na sauti ya kamera, atairudisha. Hakuirudisha. Kioo cha sindano kilishavunjika kabla ya hapo, na Jabiri alikataa kununua kingine, alisema skrini inatosha.

Sisi tukabaki na skrini peke yake.

Asubuhi ile niliyoanza nayo, mwani ulikuwa mwingi ufukweni. Uliziba chujio la pampu ya maji ya bahari, yale yanayopoza mabomba. Maji yakapungua, presha ikaanza kupanda. Kisanduku kilitakiwa kizime mtambo, kipige honi. Lakini kilikuwa kimeshaganda, Mungu ndiye ajuaye tangu saa ngapi, na kwenye skrini kimeacha namba ya mwisho iliyokuwa nzuri. Rajabu akasoma. Nikajibu. Yaliyofuata nimekwambia.

Hospitali tulilazwa vyumba tofauti. Idrisa alikuja kuniona siku ya pili, na machungwa. Nilikuwa siwezi kusema, nasikia tu. Akakaa kitandani pangu, amesawajika, akaniambia kama mtu anayeleta habari njema:

"Mama, usiwe na wasiwasi, kisanduku ni kizima. Nilikiwasha upya jana ileile, kinasoma vizuri kabisa."

Hakujua amesema nini. Au alijua. Mimi nilielewa palepale. Alikiwasha upya kabla wakaguzi wa usalama kazini hawajafika! Walipofika walikuta skrini inacheza, namba zinapanda na kushuka kama kawaida, kila kitu kinasema kweli. Wakauliza, sasa huyu kijana alifunguaje koki presha ikiwa juu? Wakaandika kwamba hakuangalia. Uzembe wa mfanyakazi. Mimi sikuulizwa mpaka karatasi zao zilipokwisha, na nilipoulizwa waliniletea kalamu, nikaandika: ALIANGALIA, NA MIMI NIKAANGALIA. Wakasema wataliongeza. Sijui waliliongeza wapi.

Neema aliposikia alikuja. Aliomba kisanduku akichunguze, Jabiri akamnyima. Basi akafanya hivi. Kwake alikuwa na kisanduku pacha, alichokuwa akifanyia majaribio, na moduli ya ile kamera alibaki nayo tangu siku za ubishi. Akaviweka barazani kwangu, na kamera ya aina ileile, na sensa moja ya joto yenye waya mrefu. Akaufungua ule mlango kama Idrisa alivyoufungua, mlinzi akamzima. Tukakaa tukila muhogo. Namba inacheza, inacheza, kamera inatuonyesha sisi wenyewe tunavyotafuna. Kisha ikasimama.

"Mama, nipe chai," akasema.

Nikamletea kikombe kinatoa moshi. Akaitumbukiza sensa mle. Namba haikutikisika. Akaitoa, akaitia kwenye bakuli la barafu. Namba ileile. Kamera inaendelea kutuonyesha vizuri, mimi nimeshika bakuli na mdomo wazi.

Akanieleza kilichotokea. Moduli ya kamera ilikuwa ikirudisha ghalani vipande vya memori ambavyo yenyewe bado inavitumia. Kiini kikidhani kipande ni kitupu kinakigawa kwa wanaosoma sensa, kisha kamera inakuja na kuandika juu yake. Msomaji wa sensa anabaki amekwama, anangoja kitu ambacho hakipo tena. Mchoraji wa skrini yeye hajui lolote, anaendelea kuchora namba ya mwisho aliyopewa. Halafu Neema akaufunga mlango, akakianzisha kisanduku upya. Moduli ikagoma kupachikwa, kamera ikawa giza. Akaitia sensa kwenye chai. Namba ikapanda palepale.

Nililia, mwanangu. Sina sauti, lakini machozi ninayo.

Tulikwenda wote wawili kwa Jabiri, na kisanduku kwenye mkoba. Alitupokea vizuri, akaagiza soda.

"Shikamoo bosi," Neema akamwamkia, tuanze kwa adabu.

"Marahaba. Poleni sana. Bi Mwajuma, sauti bado?"

Neema akamweleza, akaomba soketi amwonyeshe. Jabiri akainua mkono.

"Mimi si mtu wa kompyuta. Muulizeni Idrisa."

Nikaandika kwenye karatasi: RAJABU ALISOMA. MIMI NILIJIBU.

Akaisoma. "Yule si ndugu yako?"

Nikatikisa kichwa.

"Lakini mmezoeana sana. Mtu humtetea mtu wake. Sikulaumu."

Tukampigia Idrisa palepale, alishahamia kazi nyingine Dar. Akasema moduli si yake, ni ya muuzaji. Neema akamwandikia muuzaji, naye akajibu kwamba kiini tulichonacho si kile walichokipima wao, kimebadilishwa, hawahusiki. Ukirudi kwa Jabiri, yeye si mtu wa kompyuta. Umeona mzunguko wake? Kila mmoja anaonyesha mlango wa mwenzake. Mlango ulifunguka wenyewe, labda.

Na Rajabu amekaa Kaole, barazani kwa mama yake. Wakwe zake wanasema alikuwa mzembe, na karatasi ya wakaguzi wanayo. Kinachoniuma zaidi ni kwamba yeye mwenyewe ameanza kuiamini ile karatasi. Nikienda kumwona, hata salamu hatujamaliza, ananiuliza, nami namjibu kwa kumnong'oneza sikioni.

"Da Mwaju. Skrini ilisema ngapi?"

"Kumi na mbili."

"Una hakika? Hukusema tu kwa sababu mimi nilisema?"

"Nilisoma mwenyewe, Rajabu. Ilikuwa kumi na mbili."

Anasema labda ilikuwa ishirini, labda macho yalishaanza kuharibika siku ile na hakujua. Yule kijana aliyevaa shati kinyume akacheka na sisi! Wiki inayofuata ananiuliza tena.

Sasa nikupe nilichokuitia, wewe mwanangu unayesomea kompyuta, na wewe mwingine ambaye kesho utapewa ufunguo wa kiini cha mashine usiyojua imeshika roho za nani. Utaletewa moduli inayogoma. Utaambiwa ni mstari mmoja, na ni kweli, utauandika kabla chai yako haijapoa. Kabla ya kuuandika, uliza kwa nini mlango ule ulifungwa. Aliyeufunga huenda bado yuko, mtafute. Uliza ni nani mwingine anayekaa katika memori ile ile unayomfungulia mgeni: ni picha za barafu tu, au ni presha ya amonia na kijana aliyepiga goti mbele ya koki? Mgeni asiyekubali kufunguliwa mkoba, mpe chumba chake mbali. Mlinzi usimzime ili mwenye mali afurahi. Mtu asiye na shule akikwambia mashine inaganda, nenda ukaiangalie inavyoganda, usimjibu mtandao. Na ukishaufungua mlango kwa mkono wako, andika jina lako hapo, ili siku ukibishwa hodi uitike wewe.

Mungu akupe macho yatakayosoma kilicho kweli, na mwenzako wa kukujibu kwa macho yake mwenyewe. Akuondoe mbele ya mkubwa mwenye haraka. Akulindie mikono, mapafu na jina lako mpaka uzeeke nayo yote matatu. Amina.

Hayo ni yako. Yaliyobaki si yako.

Idrisa Kondo, hii utaisoma, maana najua watakuonyesha. Mahakama siijui njia yake, na machungwa yako sikuyala. Nataka kitu kimoja. Panda basi mpaka Bagamoyo, chukua bajaji mpaka Kaole, ulizia kwa Rajabu kipofu, hata mtoto atakupeleka. Umchukue na Jabiri Mwinchande njiani. Mketi barazani mbele yake, mbele ya mama yake na wakwe zake. Atakuuliza skrini ilisema ngapi. Mimi nimemjibu mpaka nimechoka, na sauti yangu hii haimtoshi. Mjibu wewe. Mwambie ilisema kumi na mbili, kwamba alisoma vizuri, na umwambie ni nani aliyeifanya iseme hivyo.

Utakuja lini?